Unapohamia padogo: maswali yenu kuhusu kupunguza vyombo

Maswali ya kuhama yamekuwa mengi hapa Tanga, kutoka Raskazone hadi Pongwe. Wazee wanastaafu na kukabidhi kota, wajane wanasogea kwa watoto wao, na vijana wanashuka kutoka nyumba nzima hadi chumba kimoja kwa sababu ya kodi. Karibu nyote mnaniuliza nitupe nini. Mimi ningependa muanze na mambo mawili mengine: pima huko unakokwenda, kisha ujue kila chombo ni cha nani. Hayo yakiwa wazi, kuchagua kunakuwa kwepesi.

Shikamoo mama. Baba amestaafu na anatakiwa kukabidhi kota. Amepata chumba na sebule Makorora. Ana kitanda cha sita kwa sita cha mninga, makochi seti nzima, makabati mawili na meza ya kulia watu wanane. Kila jioni tunagombana. Tuanzie wapi? (Binti, Raskazone)

Marahaba mwanangu. Acheni kugombania kabati, nendeni Makorora na tepu ya fundi na kipande cha chaki.

Tuseme chumba ni futi 10 kwa 10, yaani futi za mraba 100. Kitanda cha sita kwa sita kinachukua 36, na hapo hujahesabu mbao za kichwani na miguuni. Kabati la futi 4 kwa 2 linachukua 8, lakini milango yake nayo inataka kama futi 2 mbele ili ifunguke. Mlango wa chumba unafungukia ndani. Chora vyote sakafuni kwa chaki, kisha mwambie baba aingie, asimame penye kitanda chake cha chaki, atembee hadi mlangoni. Mzee huamka usiku kwenda msalani, na njia hiyo lazima iwe tupu. Akishakanyaga mistari ya kabati la pili kwa miguu yake, ataliacha mwenyewe, na hakuna mtoto atakayelaumiwa kwamba alimnyang'anya.

Pimeni pia mlango wa nje, korido na kona. Kitanda hufunguliwa kikapitishwa vipande vipande. Kabati lililogongwa misumari halifunguki, na nimeona watu wakilikata kwa msumeno barazani mchana kweupe, majirani wakitazama.

Kuhusu kitanda, nawaomba msikiuze kwa hasira. Mninga uliokauka ndani ya nyumba miaka yote hiyo haupindi ovyo, na mnunuzi atawapa bei ya mbao za kawaida mkionyesha haraka. Muulizeni fundi seremala kama anaweza kukipunguza kiwe cha nne kwa sita: mbavu zinabaki na urefu wake, anafupisha ubao wa kichwani, wa miguuni na chaga. Mtaokoa futi za mraba 12, na baba atalala kwenye kitanda chake.

Meza iende. Makochi, abaki na la watu wawili. Ila mwacheni na viti vinne vyepesi vya barazani, maana mstaafu asiye na pa kumkalisha mwenzake wa kazini huishiwa wageni haraka.

Mume wangu amefariki na eda nimemaliza. Watoto wanataka nitoke nyumba ya Chumbageni, nikakae chumba cha uani kwa binti yangu Mikanjuni. Wanangu wa kiume wameshaanza kubeba vitu: redio, baiskeli, cherehani ya marehemu. Sijui niseme nini, na vilivyobaki sijui nivifanyeje. (Mjane)

Pole sana mama, Mungu amrehemu mzee wetu. La kusema ni fupi: "Virudisheni kwanza." Liseme mbele ya mtu mzima wa upande wa marehemu, bila kupaza sauti.

Cherehani ile si ya aliyewahi kufika. Alichoacha marehemu ni mali ya mirathi mpaka igawanywe, na wewe mwenyewe ni mrithi. Kwa sheria ya Kiislamu, hutolewa kwanza gharama za mazishi, madeni, na wosia kama upo, ambao hauvuki theluthi moja. Kinachobaki ndicho hugawanywa, na mke ana thumuni, yaani moja ya nane, ikiwa marehemu ameacha watoto, robo ikiwa hakuacha. Familia ikae iteue msimamizi wa mirathi, kisha aende Mahakama ya Mwanzo athibitishwe. Mnaona aibu kwenda mahakamani kwa sababu ya redio na baiskeli, lakini nyumba ya Chumbageni nayo imo humo humo. Anayezoea kubeba redio bila kuuliza, kesho atakuletea karatasi ya kusaini.

Sasa keti na binti yako mwandike orodha mbili. Ya kwanza iwe ya vitu vyako: ulivyonunua kwa pesa yako, ulivyopewa na wazazi wako, zawadi zako, mahari yako, dhahabu yako. Hivyo havigawanywi, unaondoka navyo. Ya pili iwe ya marehemu. Vyenye ubishi, kama friji mliyochangia, viandike pembeni mumuulize msimamizi. Pigeni picha kila kimoja kwa simu, hata kifuniko cha cherehani. Mpaka mgao ufanyike, hakuna kuuza wala kugawa sadaka, hata kama nia ni njema.

Baada ya mgao, cherehani nawashauri apewe atakayeshona. Mlipane ndani ya familia kwa thamani yake, lakini ifanye kazi. Nguo nazo warithi wakikubaliana zitolewe, wapewe wanaozivaa. Wewe chukua kanzu moja uipendayo uiweke. Usikubali mtu akuambie kuwa kuihifadhi ni kujitesa.

Halafu, mama, hiyo Mikanjuni umeiona? Nenda ukalale usiku mmoja kabla hujajibu. Choo kiko umbali gani, usiku kuna taa, chumba kinapata upepo? Kuhama ni uamuzi wako, na ukisema bado, watoto wasubiri.

Nina sahani dazeni nne, sufuria tatu za pilau na masinia. Nahamia vyumba viwili na binti anasema niuze vyote. Lakini shughuli za mtaa mzima hupikiwa kwenye vyombo vyangu. (Ngamiani)

Binti yako anahesabu nafasi, na yuko sahihi. Wewe unahesabu watu, na uko sahihi pia. Vyombo hivi vibaki mtaani, visihame na wewe. Tafuta chama cha kina mama au msikiti wenye stoo ya vyombo vya shughuli, wakabidhi mbele ya mashahidi, na iandikwe ni sahani ngapi, sufuria ngapi, nani anashika ufunguo. Weka alama ya rangi chini ya kila sahani. Kama maisha yamebana, kodisha kwa bei mtakayopatana na ulipwe chako. Kinachokwenda kwenye nyumba mpya ni sahani nane, sinia moja, na mbuzi ya kukunia nazi, maana hiyo hata mimi nisingemwachia mtu.

Uani kuna friji mbovu, TV ya chogo, betri ya gari, matairi manne na ndoo zilizopasuka. Mume wangu anasema vitatengenezwa. (Sahare)

Kila kinachosubiri fundi kipewe tarehe. Fundi aje aone, ataje bei. Ikikaribia bei ya kilichotumika ambacho ni kizima, basi kiondoke.

Friji usiruhusu mnunuzi wa chuma chakavu aikate mabomba hapo uani, gesi itoke hewani. Fundi wa friji mwenye vifaa aitoe kwanza. TV ya chogo isivunjwe, kioo chake kina risasi. Betri usimwage maji yake, ni tindikali. Ipelekwe nzima kwa wanaonunua betri kuukuu, na watoto wasiishike.

Matairi na ndoo ndiyo yaondoke wiki hii, dada yangu. Mwaka 2019 homa ya dengi ilitusumbua sana sisi wa Tanga pamoja na wenzetu wa Dar es Salaam. Mbu wake huzaliana kwenye maji yaliyotuama ndani ya vitu kama hivyo, naye huuma mchana, kwa hiyo neti ya usiku peke yake haitoshi. Mayai yake hunata ukutani mwa chombo na kukaa makavu kwa miezi yakisubiri mvua, ndiyo maana kumwaga maji bila kusugua hakusaidii. Matairi wape wanaotengeneza katambuga. Ukiyaacha nyuma, unampa ugonjwa mpangaji anayekuja.

Makaratasi yamejaa masanduku mawili. Nichome? (Mstaafu, Nguvumali)

Usiwashe kiberiti bado. Vinavyohama na wewe ni hati za nyumba na viwanja, vyeti vya kuzaliwa, ndoa, talaka na vifo, vyeti vya shule, barua yako ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini, na kila karatasi ya mafao. Kama una biashara, sheria ya usimamizi wa kodi inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Risiti za mashine za EFD huchapwa kwa joto bila wino, hivyo hufifia mpaka karatasi ikabaki nyeupe. Zipige picha sasa. Risiti za zamani za umeme wa LUKU zinaweza kwenda, na uniti zilizobaki usihangaike nazo, zinakaa na mita. Bili ya maji lipa na ubaki na uthibitisho kabla ya kurudisha funguo.

Vitabu vizuri uliza maktaba ya mkoa kama wanavihitaji. Misahafu na juzuu zilizochakaa mpelekee imamu au mwalimu wa madrasa, wanajua namna ya kuzizika mahali safi au kuziteketeza kwa heshima. Zisichanganywe na taka kamwe.

Wadogo zangu wameacha masanduku kwangu tangu waende Dar. Nikiwaambia wachukue, wanasema "tutakuja". (Makorora)

Watumie picha ya kila sanduku na tarehe ya kuhama. Waambie unachopakia kitakwenda kwa basi kwa gharama yao, au wataje jirani wa kumwachia. Asiyejibu, mpigie mama yenu, yeye hujibiwa. Usifungue wala usiuze, ni amana.

Nahamia chumba kimoja. Nina mtungi wa gesi wa kilo 15 na jiko la mkaa. Niende navyo? (Kijana, Usagara)

Mtungi ubadilishe uwe wa kilo 6. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutulia chini sakafuni, ndiyo maana mtungi hauwekwi uvunguni wala ndani ya kabati lililofungwa. Uweke karibu na mlango au dirisha linalofunguka, mbali na kitanda, na kila ukibadili mtungi paka maji ya sabuni kwenye maungio uone kama yanatoa mapovu. Jiko la mkaa, kama hakuna pa kupikia nje, mpe mtu. Mkaa ukiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, haina harufu, na watu hulala wasiamke. Hata siku ya baridi ya kusi usilale nalo.

Siku yenyewe ya kuhama tubebe vipi? (Wengi)

Vyombo vya chumba na sebule mara nyingi huenea kwenye kirikuu, na kwa mwendo wa mitaa miwili mitatu guta linatosha. Kati ya Machi na Mei usitoke bila turubai, godoro likilowa kwa unyevu wetu huu wa pwani halikauki vizuri tena. Pakia nguo kwenye salfeti. Glasi na sahani zifunge kwa khanga zako, utakuwa umehamisha vyote viwili kwa safari moja. Vyeti, dawa na dhahabu vikae kwenye mkoba ulio begani kwako, visipande gari. Ndoo moja iandae kwa usiku wa kwanza: neti, shuka, sabuni, balbu, kiberiti, sufuria ndogo na majani ya chai. Bei mpatane na dereva ikiwa na kupakia na kushusha ndani yake, kabla kamba haijafungwa.