Kwa wanaotaka kutengeneza filamu ya kukimbizana hapa Unguja

Filamu yangu ya kwanza, ya wasichana wawili wanaotoroka, iliangushwa na maji ya Jambiani. Nawaambia mapema nyie mnaoanza, maana najua mnachohangaikia sasa ni kamera, bunduki za bandia na ndoto ya skrini ya Ngome Kongwe wakati wa tamasha la filamu.

Sini ya ufukweni tulishuti saa nne asubuhi. Mwezi uko nusu, maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, bahari imejaa kiasi chake. Wasichana wanakimbia, mawimbi yanawapiga magotini, picha tamu. Betri zikatuishia. Tukarudi baada ya wiki, saa ile ile, tukijiona mafundi kwa kulikuta jua pale pale. Kumbe maji huchelewa kama dakika 50 kila siku. Hesabu siku saba, yaliyokuwa yamejaa yamekupwa. Tena bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi! Bahari imekwenda zake hadi mwambani, kina mama wanafunga mwani kwenye vigingi. Tukashuti hivyo hivyo, tukajipa moyo kuwa kwenye uhariri itafichika. Siku ya kuonyesha, msichana akachupa majini, akaibukia kwenye mchanga mkavu. Mvuvi mmoja mzee akapaza sauti: "Kainywa yote huyo!" Baada ya hapo hakuna aliyesikiliza neno.

Mjini tulifanya yale yale. Wasichana walikata kona mtaa wa Mkunazini wakatokea mtaa mwingine kabisa, Malindi, halafu Mkunazini tena. Mtazamaji wa London hajui, lakini wa hapa kakulia kwenye vichochoro hivyo, na akishaona umemdanganya njia, hamwogopi tena yule anayefukuza. Itembeeni njia nzima kwa miguu kabla ya kushuti, mwandike kila kona na kila mlango utakaoonekana. Anayetoka kulia mwa picha aingie kushoto mwa picha inayofuata. Na mwenye ratiba awe na kalenda ya mwezi mfukoni.

(Kijana tuliyemvisha baibui aruke ukuta badala ya dada, sitaki hata kumzungumza. Nyayo zile!)

Hayo yote yangesameheka. Shangazi yangu, aliyekaa mstari wa mbele kwa ajili yangu, alinifuata nje. "Mwanangu, watoto wale wamefanya nini hata wafukuzwe vile?" Nikamwambia inajulikana mwishoni, ndiyo siri ya hadithi.

"Basi mie nimekaa saa nzima nakimbia na watu nisiowajua."

Mswada wa pili unaanza wasichana wakivunja sanduku la fedha za mchezo, yaani upatu, wa wanawake wa mwani, usiku wa kuamkia zamu ya mama wa mmoja wao. Nimemsomea shangazi ukurasa ule wa kwanza. Alinyamaza kidogo, akaweka kikombe chini.

"Humo mlikuwa na shilingi ngapi?"