Ukimya Kikaoni na "Ndiyo" Isiyo Kukubali: Majibu kwa Wasomaji

Swali: Ninaongoza timu ya watu wanane walio katika nchi nne, na hukutana mtandaoni tu. Nikiomba maoni, wawili hujibu papo hapo na waliobaki hunyamaza. Je, huwa hawafuatilii?

Kabla ya kuwatilia shaka, pima muda unaowapa. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba watu hujibu swali baada ya takriban moja ya tano ya sekunde kwa wastani, lakini kila lugha ina mwendo wake: wazungumzaji wa Kijapani walikuwa wepesi kuliko wote, na wa Kidenmaki walichukua karibu nusu ya sekunde. Pengo hilo ni dogo, ila sikio lililozoea mwendo wa kwao hulihisi na kuliita kusitasita. Mtandao nao huongeza lake, kwani shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, hupendekeza sauti ifike upande wa pili ndani ya milisekunde 150, kiwango ambacho mtandao dhaifu hukivuka kwa urahisi. Mwongezee hapo mtu anayetunga jibu katika lugha yake ya tatu.

Niliwahi kusikiliza rekodi ya kikao nilichokiongoza mwenyewe, nikaona haya. Mara tatu nilisikika nikiuliza, kipaza sauti cha mwenzetu kikafunguliwa, pumzi ikavutwa, nami nikalijibu swali langu kabla hajatamka neno. Tangu siku hiyo huhesabu kimoyomoyo hadi kumi, na maswali mazito huyatuma siku moja kabla. Kama miongoni mwenu yupo mkubwa wa cheo, mwombe azungumze mwisho, maana wako watu ambao kwao kumtangulia mkubwa kusema ni utovu wa adabu.

Swali: Mwenzangu aliitikia "ndiyo" kwa kila nilichomweleza, lakini kazi haikufanyika. Je, alinidanganya?

Huenda alikuwa anakusikiliza tu. Neno "hai" la Kijapani, ambalo kamusi hulitafsiri kuwa "ndiyo", mara nyingi humaanisha "nakusikia, endelea", kama ilivyo "ehee" yetu, ambayo hakuna anayeichukua kuwa ni mkataba. Mwanaanthropolojia wa Marekani Edward T. Hall alieleza mwaka 1976 kwamba ziko jamii ambazo maana huwekwa zaidi ndani ya maneno yenyewe, na nyingine ambazo sehemu kubwa ya maana hubebwa na uhusiano, mazingira na yale yasiyotamkwa. Sishauri uwapange wenzako katika makundi hayo mawili, kwa kuwa mtu mmoja si jamii nzima; yatumie tu kujikumbusha kwamba huenda kukataa kulikuwapo na hukukusikia. "Tutajaribu", "si rahisi sana" au kubadilisha mada ghafla vinaweza kuwa hapana iliyo kamili.

Dawa yake ni kuacha maswali ya ndiyo au hapana. Badala ya "Utamaliza Ijumaa?", uliza: "Utaanza na hatua ipi, na ni kitu gani kinaweza kukuchelewesha?" Mwenye kizuizi atapata mlango wa kukitaja bila kukukatalia usoni.

Swali: Lafudhi ya mwenzangu hunipiga chenga, nami naona aibu kumwomba arudie.

Kujifanya umeelewa ni kumkosea zaidi. Usiseme "sijaelewa" kwa ujumla, bali rudia ulichokipata na utaje kilichokupotea: "Nimesikia kwamba faili ziko tayari, lakini tarehe imenipita." Hapo atarudia tarehe peke yake. Sikio huzoea lafudhi ndani ya muda mfupi, kwa hiyo zungumzeni mara nyingi zaidi, hata kwa dakika chache.

Swali: Je, nilazimishe kamera ziwashwe ili nijue wananisikiliza?

Hapana. Uso huficha mengi, na ishara hazifanani. Nchini Bulgaria, kwa mfano, kutikisa kichwa upande huu na huu ni kukubali. Anayekuangalia kwenye skrini pia anaweza kuwa anasoma barua pepe. Mwombe mmoja wao, kwa zamu, aandike mwisho wa kikao yale mliyokubaliana kwa maneno yake mwenyewe, kisha uyasome kabla ya kila mtu kuondoka, na pale yanapotofautiana na uliyodhani umesema, anza kwa kuuliza yeye alikusikiaje.