Je, programu huria ina cheti cha ubora?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mhasibu wa chama cha akiba na mikopo hapa Ujiji, Kigoma. Tunataka kuacha madaftari na kutumia programu huria ya hesabu (yaani ambayo msimbo wake, maandishi ya amri zake, uko wazi kwa wote), ambayo fundi wetu ameipakua bila malipo kutoka intaneti. Mwenyekiti amekataa mpaka aone cheti, mfano wa nembo ya TBS kwenye mfuko wa saruji. Je, cheti cha namna hiyo kipo?

JIBU: Ndugu Mhasibu, mwenyekiti wako ana haki ya kuuliza. Leseni nyingi za programu huria, GPL ikiwemo, hutamka wazi kwamba programu hutolewa kama ilivyo, bila dhamana yoyote.

Vyeti vipo, ila kila kimoja huthibitisha jambo lake. Beji ya OpenSSF, taasisi ya usalama wa programu huria, iliyoanza mwaka 2016 baada ya Heartbleed, kasoro ya 2014 katika programu huria ya usimbaji OpenSSL, hupewa mradi ambao wenyewe umejaza majibu kuhusu utaratibu wake, kama vile unavyopokea taarifa za kasoro na unavyoijaribu programu kabla ya kuitoa. Hupima nidhamu ya watengenezaji, jambo ambalo si dogo, lakini haiapii usalama wa programu. Cheti cha Common Criteria, kiwango cha kimataifa cha kupima usalama wa bidhaa za kompyuta, hutokana na ukaguzi wa maabara. Ni ghali, na huhusu toleo mahususi lililosimikwa kwa namna iliyoainishwa, kwa hiyo toleo jipya halikirithi.

Tena hata mradi unaoaminiwa unaweza kuhujumiwa. Machi 2024 Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aligundua mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya XZ Utils, programu huria ya kubana faili, kwa sababu tu kuingia kwenye kompyuta kupitia SSH, njia ya kuingia kwenye kompyuta ukiwa mbali, kulikuwa kukichelewa takriban nusu sekunde. Aliyeuweka alikuwa amejipenyeza kwenye mradi kwa zaidi ya miaka miwili hadi akaaminiwa, na sehemu ya hila yake haikuwamo katika msimbo uliowekwa wazi kwa wote, bali ndani ya faili za kupakua.

Kwa hiyo mwulizeni fundi (bila kumwonea haya) amepakua wapi, toleo gani, na kama alilinganisha tarakimu za uhakiki (zinazoonyesha kama faili limebadilishwa) na zile zilizotangazwa na mradi. Kisha aandikishwe mkataba unaotaja nani atasasisha programu kasoro zikitangazwa, na nani atatunza nakala rudufu. Madaftari yaendelee sambamba hadi mfunge hesabu za miezi kadhaa bila tofauti.