Nitaje hofu ya mtihani kwenye usaili wa chuo cha udaktari?

SWALI: Shikamoo daktari. Niko Minnesota, nimeomba chuo cha udaktari. MCAT, mtihani wa kuombea chuo cha udaktari, ya kwanza nilipaniki, nikasoma aya moja mara tano bila kuelewa, nikapata 496. Nilikwenda kwa mshauri nasaha wa chuo, nikarudia baada ya mwaka, nikapata 509. Usaili ni mwezi ujao. Jamaa ninayemlipa kuniandaa anasema nikiulizwa kuhusu alama ya kwanza niseme nilikuwa na malaria, ndiyo kwanza nimetoka likizo nyumbani. Ni sawa?

JIBU: Marahaba. Malaria! Mbele ya madaktari! Swali la pili litakuwa ulitibiwa wapi na kwa dawa gani, na Marekani malaria ni ugonjwa ambao hospitali lazima iuripoti. Huyo jamaa hajawahi kukaa upande wa pili wa meza.

Usianzishe wewe habari hiyo. Vyuo vingine humnyima msaili faili lenye alama, na kwenye usaili wa vituo vifupi vifupi utapewa kisa ukijadili, muda umekwisha. Lakini alama zote mbili kamati inazo, kwa hiyo ukiulizwa jibu. Sentensi moja juu ya hofu, tatu juu ya ulichobadilisha: mshauri nasaha, ratiba, mitihani ya majaribio uliyofanya kwa urefu uleule wa saa saba na nusu. Kisha nyamaza. Hudaiwi jina la ugonjwa wala la dawa. Sheria ya huko hairuhusu chuo kumuuliza mwombaji kama ana ulemavu kabla ya kumpokea.

Ninachokutana nacho kila msimu ni vijana wanaoamini kamati inaogopa watu wenye hofu. Nimekaa kwenye meza hizo. Nusu yetu tuliwahi kutapika asubuhi ya mtihani. Tunachotaka kujua ni kama unaifahamu hofu yako inavyokujia na unafanya nini ikija, maana mbele yako kuna mitihani ya leseni ya udaktari: Step 1, siku nzima ya saa nane, halafu Step 2, halafu mitihani ya ubingwa. Aliyetoka 496 hadi 509 ana jibu zuri kuliko aliyefaulu mara moja bila kujua kwa nini. Wewe umelipa mtu akufichie jibu hilo!

Wapo wanaokosea upande wa pili: wanakaririshwa hadithi ya machozi inayoishia na "udhaifu wangu ndio nguvu yangu". Nimeisikia mpaka naweza kummalizia mwombaji.

Na kwa kuwa najua kinachofuata: propranolol, dawa ya moyo ambayo watu humeza kutuliza hofu. Siku hizi inapitishwa mkono kwa mkono kama peremende. Hupunguza mapigo ya moyo na mtetemeko wa mikono, basi, ulichosahau haikirudishi. Mwenye pumu inaweza kumbana njia za hewa. Mwenye kisukari anayejidunga insulini, inamfichia moyo kwenda mbio, ile dalili ya kumshtua kwamba sukari inashuka. Hiyo ni dawa ya kuandikiwa na daktari aliyekupima na kukuuliza maswali hayo, tena unaijaribu siku ya kawaida nyumbani, kamwe si asubuhi ya usaili. Na kama jamaa yako anauza na hivyo vidonge, mdai pesa zako leo.