Bangkok mara ya kwanza: foleni ndefu, honi hakuna

Mleta uzi anaenda Bangkok kwa mara ya kwanza kufuata nguo, na anauliza ukiacha bei, atakutana na mji wa namna gani. Bei za nguo nawaachia wengine, ngoja niseme mengine.

Kwanza uwanjani. Pale Suvarnabhumi usikimbilie foleni ya uhamiaji. Sisi tunaotoka Tanzania, Kenya na Uganda tunaanzia dawati la afya: unaonesha kadi ya homa ya manjano, unagongewa muhuri, ndipo unasogea. Ndege ya Addis ikitua lazima uone watu wanarudishwa huku wamenuna, kadi wanazo kwenye begi. Fomu ya kuingia nayo, tangu Mei 2025, unaijaza mtandaoni kabla ya safari. Ukitoka, madereva wanaokuita waache, teremka chini kabisa upande treni mpaka Ratchaprarop. Nauli haifiki baht 50, na Pratunam kwenye maduka ya nguo unaingia kwa miguu.

Joto halikushtui kama ni mtu wa Dar, labda uende Aprili. Mimi kilichonishangaza ni ukimya. Barabara ya Phetchaburi magari yamebanana kutwa nzima, bodaboda wenye vizibao vya rangi ya chungwa wanapenya katikati, na honi husikii. Watu wamekaa tu wanasubiri taa. Sokoni hivyohivyo, hakuna wa kukuvuta mkono wala kukuita "mteja wangu". Muuzaji anabonyeza bei kwenye kikokotoo, anakugeuzia. Na wewe unabonyeza yako, unamgeuzia. Akitabasamu na kikokotoo hakigusi tena, ujue hapo ndiyo mwisho wa kushuka. Ukianza kupandisha sauti hagombani na wewe. Anaanza kukunja nguo zake taratibu, na biashara imekufia hapo. Wapo wenzetu wanaosema ni dharau. Sikubaliani. Kule anayefoka ndiye anayejivunjia heshima, na majirani wa duka wote wanamwona. Bei ya jumla mara nyingi inaanzia vipande vitatu, kwa hiyo usijisumbue kubembeleza punguzo la blauzi moja.

Halafu kuna wimbo wa taifa, saa mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Ulinikuta stesheni ya Siam, watu wametoka kazini wamejaa hadi kwenye ngazi. Vipaza sauti vikaanza, na umati wote ukasimama palepale ulipo. Mwanafunzi mbele yangu alikuwa na mrija mdomoni, chai ya barafu mkononi, hakunywa. Wimbo ulipoisha alivuta funda lake akaendelea kushuka. Ukikukuta, simama nao, ni dakika moja tu.

Chakula: nguruwe yupo karibu kila genge, tena hata kwenye mchuzi ambao humwoni. Muislamu asihangaike, kwenye kichochoro cha Phetchaburi Soi 7 pana msikiti wa Darul Aman na kando yake magenge ya halali, si mbali na Pratunam. Mtu wa pwani atajiona yuko nyumbani: tui la nazi, mchaichai, ndimu, na matunda ni fenesi, shokishoki na doriani. Ila doriani ulile hukohuko mtaani, hoteli nyingi zinalikataza kwa harufu. Pilipili yao isikie hivyohivyo, usiijaribu kwa ubishi.

Mkinunua vipodozi au dawa msishtuke mkiona mwaka 2568 kwenye kopo. Wanahesabu kwa kalenda ya Kibudha, toa 543 unapata wetu.

Ukipata nusu siku, nenda kwenye gati la Pratunam upande boti za mfereji wa Saen Saep, uliochimbwa kuanzia 1837. Maji meusi, yananuka, lakini hakuna foleni na nauli ni baht chache. Kondakta amevaa kofia ngumu, anatembea kwenye ukingo wa nje wa boti huku kashika kamba, anakusanya hela boti ikiwa kasi. Anayekaa pembeni ndiye mwenye kazi ya kuvuta kamba ya turubai maji yasiwarukie wenzake, kwa hiyo ukikaa hapo usizubae na simu. Pratunam ndipo boti zinapobadilishwa. Ukielekea mji wa kale panda boti ya njia ya Golden Mount (hekalu la kilimani), ushuke kituo cha mwisho.

Huko mji wa kale, mtu nadhifu mwenye Kiingereza kizuri akikuambia Kasri Kuu limefungwa leo na tuktuk yake ni bei ya bure, mpite. Kasri liko wazi, ila yeye safari yake inaishia duka la vito. Mtanzania kwenda kuuziwa tanzanaiti ya mashaka Bangkok, hapana jamani.