Muulize Mwalimu: Chembe isiyoonekana hutafutwaje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa injini za boti hapa Mwaloni, Kirumba. Mdogo wangu wa kidato cha sita anashikilia kwamba kule Uswisi kuna watu wanatafuta chembe zinazovunjika zikawa vitu visivyoonekana kwa mashine yoyote. Nikamwambia hizo ni habari za waganga. Kama mashine yenyewe haikioni, watajuaje kimepita? Tuamulie.

JIBU: Marahaba, fundi. Mdogo wako yuko sahihi, ila shaka yako nimeipenda.

Wanafunzi wangu wa Sengerema wanaujua mfano huu. Mmekaa wawili kwenye mtumbwi uliotulia, usiku wa giza. Mwenzako akichupa majini kwa mbele, mtumbwi unarudi nyuma. Hukumwona, lakini unajua ameondoka, tena kaelekea wapi. Momenta, yaani tungamo mara mwendokasi, haipotei.

Mashine ya kugonganisha chembe iitwayo LHC, ya kituo cha utafiti wa chembe cha CERN, ni duara la kilomita 27, limechimbiwa kama mita 100 chini ya ardhi, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Protoni, yaani chembe zinazopatikana ndani ya kiini cha atomu, hugonganishwa uso kwa uso. Kwa kuwa zote zilikuwa zinafuata bomba, mwendo wao wa kwenda pembeni ni kama sifuri, hivyo hata baada ya kugongana jumla ya momenta za pembeni lazima ibaki sifuri. Vitambuzi vya ATLAS na CMS, yaani mashine za kupima vipande vya mgongano, vikikuta vipande vimerukia upande mmoja na upande wa pili mtupu, kuna kitu kimetoroka.

Kwa nini pembeni tu? Kwa sababu kinachogongana hasa ni kwaki na gluoni zilizomo ndani ya protoni, na haijulikani kila moja ilibeba fungu gani la momenta. Mabaki mengine huteleza na bomba yasipimwe. Hesabu ya mbele na nyuma haifungiki.

Sasa shaka yako. Kipande kikipimwa vibaya, au sehemu ya kitambuzi ikizima, utaona pengo la uongo. Halafu zipo nyutrino, ambazo hupita bila kuacha alama: karibu asilimia 20 ya chembe za Z, ambazo ni nzito na huvunjika mara tu zinapozaliwa, huvunjika kuwa nyutrino. Hapo jamaa wana ujanja ninaoupenda sana. Huchukua migongano ambayo Z imevunjika kuwa miuoni mbili (ndugu wazito wa elektroni), ambazo zinaonekana vizuri, kisha wanazifuta kwenye kompyuta makusudi. Pengo linalobaki linawaonyesha Z za nyutrino zingefananaje, na zingekuwa ngapi. Pengo la kawaida wanalijua kabla hawajadai la ajabu. Mganga gani anafanya hivyo?

Njia yenyewe si ngeni. Mwaka 1983, pale pale CERN, chembe ya W, ndugu wa Z, ilipatikana kwa elektroni iliyorukia upande mmoja huku ng'ambo pakiwa patupu.

Anachokisema mdogo wako nadhani ni bosoni ya Higgs, chembe inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata tungamo, iliyogunduliwa 2012. Nadharia inasema katika Higgs 1,000, kama moja tu itaishia kuwa nyutrino nne. Zikizidi hapo, huenda Higgs inazaa maada ya giza, ile ambayo uzito wake ulimwenguni ni kama mara tano ya maada ya kawaida na hakuna aliyewahi kuikamata. Najua utauliza: Higgs yenyewe ikiyeyuka yote, watajuaje ilikuwepo? Mara nyingine huzaliwa pamoja na mikururo miwili ya chembe inayorushwa mbali, mmoja ukielekea mbele na mwingine nyuma, karibu na mstari wa bomba. Wanaitafuta mikururo hiyo, kisha wanapima pengo.

Mwaka 2023 ATLAS walijumlisha vipimo vyao na kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba Higgs zinazotoweka hazizidi takriban asilimia 11. Kutoka 11 katika 100 hadi moja katika 1,000 bado ni mbali, na maada ya giza, kama imo, ingali inaweza kujificha humo katikati.