Mti unakula udongo au unakula jua?

SWALI: Habari mhariri, mimi na mwanangu tumebishana mpaka usiku. Yeye anasema mti hauli udongo, unajipikia wenyewe kwa jua. Mimi nijuavyo mizizi ndo mdomo wa mti na mbolea ndo chakula, si ndo maana tunaiweka? Halafu jua ni mwanga tu, sasa mwanga unageukaje kuwa mti? – Mama wa wawili

JIBU: Mama, mwanao yuko sahihi. Zamani mtaalamu mmoja, Jan Baptista van Helmont, alipima udongo mkavu akautia kwenye chombo, akapanda mche, akawa anaumwagilia maji tu miaka 5 mizima, mwisho wake mti ukafika karibu kilo 77 na udongo haukupungua hata gramu 100! Akaona basi mti wote umetokana na maji (habari zake zilichapishwa 1648 keshafariki), kumbe hewa hakuihesabu.

Mwanga wenyewe haugeuki kuwa mti. Mwili wa mti unatoka kwenye hewa ya ukaa inayoingia kwa vitundu vidogo vya majani, pamoja na maji ya mizizini, na mwanga ndo nguvu ya kuviunganisha.

Sasa nguvu hiyo inanaswaje, hapa ndo pananifurahisha kuliko pote. Ndani ya jani kuna klorofili, yaani rangi ya jani, inafyonza zaidi mwanga mwekundu na wa bluu, wa kijani ndo unarudi zaidi kuliko hiyo, ndo maana jani tunaliona kijani. Mwanga ukiigonga klorofili, elektroni (chembe ndogo sana ya umeme) inarushwa juu, na kabla haijarudi inadakwa inapokezanwa mkono kwa mkono, na njiani inasukuma chembe za haidrojeni zirundikane upande mmoja wa utando mwembamba sana, zikija kurudi kwa kasi zinapita kwenye protini inayozunguka kabisa kama jiwe la kusagia, na mzunguko huo ndo unatengeneza ATP, yaani chaji ya seli. Pengo la elektroni iliyoondoka kwenye klorofili linazibwa kwa kupasua maji, oksijeni inabaki inatoka nje. Kwahiyo oksijeni unayovuta sasa hivi ilitoka kwenye maji na sio kwenye hewa ya ukaa, wengi hili wanalikosea.

ATP ikishapatikana, pamoja na zile elektroni, hewa ya ukaa inaungwa kuwa sukari, na sukari hiyo mti unaigeuza wanga wa kuweka akiba au selulosi, ambayo ndo sehemu kubwa ya ubao.

Na mbolea je? Usiache kuweka. Naitrojeni ya mbolea inahitajika kuunda klorofili na protini, na katikati ya kila klorofili kuna chembe 1 ya magnesiamu, vikikosekana majani yanakuwa ya njano na mmea unanasa mwanga kidogo. Mbolea inajenga jiko, chakula kinapikwa kwa hewa na maji.